Kitabu Kilicholala Mzungu wa Nne

Jina lake halisi lilibaki kwenye vyeti. Mtaani na sokoni watu walimjua kwa jina la Bi Koma, na mwenyewe alikuwa amelizoea kiasi kwamba ukimwita kwa lile la vyeti angegeuka nyuma kutazama nani anaitwa.

Alilipata enzi za usichana wake, alipokuwa mpiga chapa mahakamani. Kulikuwa na hakimu mmoja mwenye sentensi ndefu kama treni ya mizigo, haina kituo wala haipigi honi, na kazi ya yule binti ilikuwa kuzichapa hukumu zake kama zilivyo. Hakuweza. Kila alipoona msomaji ataishiwa pumzi, alichomeka koma. Hakimu alipogundua alifura kwa hasira, akamwita ofisini, akaichukua karatasi aisome kwa sauti ili amwonyeshe alivyoiharibu. Akasoma, akasoma, akafika mwisho bila kukohoa. Akairudisha karatasi mezani taratibu. "Haya, nenda kaendelee," alisema. Makarani waliokuwa wametega masikio mlangoni ndio waliompa jina. Watu wa nje, ambao hawakukijua kisa hicho, walidhani limetokana na ukali, kwamba ni mwanamke wa kuwaambia wenzake "Koma!" Hakuwakatalia. Ukiwa na biashara yako, jina la namna hiyo linasaidia.

Biashara yenyewe ilikuwa kuchapa vitabu, katika chumba cha chini cha nyumba ya kale, kwenye mji mkongwe wa pwani wenye vichochoro vyembamba hivi kwamba watu wawili wenye vikapu wakikutana, lazima mmoja arudi nyuma kwa adabu. Kuta zilikuwa za mawe, nene, na dirishani paliweza kulala mtoto na bado pakabaki nafasi ya birika la chai. Wageni wenye kamera, wakiuona mlango uko wazi, waliingia wakidhani ni makumbusho. Walisimama mbele ya mashine ya kuchapia wakiwa wamefumbata mikono kwa heshima, mpaka mashine iliponguruma wakarukia nje.

Mashine ilikuwa mali ya mumewe, ambaye kila mtu alimwita Fundi. Alikuwa mtu mrefu, mpole, mwenye kucha zilizoingia wino tangu ujana; hata kwenye picha ya harusi yake mikono kaificha mgongoni. Kabla ya kuoa alikuwa akichapa kadi, risiti na vibandiko vya sabuni. Aliizungumzisha mashine yake kama mtu. "Twende, mama, twende, usinitie aibu mbele za watu." Bi Koma alisema tangu waoane hajawahi kubembelezwa hivyo yeye.

Adui yao mkubwa alikuwa hewa ya bahari. Karatasi hunywa unyevu. Ukiiacha wazi, unaikuta imejikunja kama mtu anayeumwa tumbo. Kwa hiyo chumba cha ndani kabisa, kisicho na dirisha, kiligeuzwa kuwa chumba cha karatasi, na ndani yake balbu iliwaka bila kuzimwa ili kukausha hewa. Kabla ya kuanza kazi, Fundi alitoa karatasi moja akaigusisha shavuni. Ikiwa ya baridi, hakuchapa. "Haijaamka hii," alisema, akarudi kunywa chai, na hapakuwa na mteja wa kumbadilisha mawazo.

Kitabu chao cha kwanza waliletewa na tarishi mstaafu, mzee aliyekuwa amegawa barua za mji huo maisha yake yote. Alikuwa amekuja kuchapisha kadi ya harusi ya mwanawe. Wakati anasubiri akaanza kumhadithia Bi Koma nani alikaa nyumba ipi, nani alihama kwa sababu gani, mlango upi ulikuwa na mbwa, na mwanamke yupi alikuwa akipokea barua kwa jina la dada yake. Bi Koma aliacha kufanya alichokuwa anafanya.

"Mzee, haya umeyaandika popote?"

"Niandike kwa nini? Si nayajua."

"Uyaandike ili na sisi tuyajue."

Mzee akayaandika. Bi Koma akayanyoosha, akapachika koma zake, Fundi akachapa, wakakaa wote mezani kukunja kurasa na kushona kwa uzi. Walichapa vitabu vichache kwa woga, wakidhani watavilalia. Vikaisha kama maji ya moto siku ya baridi, maana kila mtu alitaka kuona babu yake kaandikwaje. Waliokuta babu zao wameandikwa walinunua vingine vya kuwapelekea ndugu. Wale ambao babu zao hawakutajwa walikuja juu, wamekunja sura.

"Babu yangu alikaa mtaa ule tangu mawe hayajakauka! Mbona hayumo?"

"Labda alikuwa hapokei barua," alisema Bi Koma.

"Sasa mnataka tufanyeje?"

"Andika na wewe. Lete."

Hivyo ndivyo ilivyoanza. Kinyozi akaleta, mwalimu wa hesabu akaleta mashairi, mpiga picha wa studio akaleta kisa cha kila sura iliyokaa mbele ya kamera yake ikakataa kutabasamu. Bi Koma aliacha kazi ya mahakama bila majuto. Mahakamani, alisema, watu walikuwa wakija wote wamekasirika. Hapa angalau wanakuja nusu tu.

Ghorofani kwao alikaa mama yake mzazi, mkunga mstaafu. Nusu ya mji ilikuwa imepita mikononi mwake, naye hakuwaacha watu wakasahau. Alikuwa akisimamisha wanaume wenye mvi njiani. "Wewe ulitanguliza miguu," alimwambia mmoja, mkubwa wa benki nzima, "ndiyo maana mpaka leo unachelewa kila mahali." Na mkubwa wa benki aliinamisha kichwa akasema shikamoo.

Huyo mama alikuwa na ndugu mmoja tu, mdogo wake wa kiume, aliyekuwa ameendesha boti la kukokotea meli bandarini. Mji mzima ulimwita Kapteni. Kwa kuzoea kushindana na kelele za injini, hakujua kusema kwa sauti ndogo; hata siri aliitangaza. Kila asubuhi alipita kwa dada yake kunywa chai, wakabishana kuhusu hali ya hewa, wakaagana.

Siku moja Kapteni hakupanda ghorofani. Aliingia moja kwa moja kwenye chumba cha mashine, ameshika bahasha kubwa kama kashika mtoto mchanga.

"Mpwa wangu," alinguruma, "nimeandika!"

Bi Koma alifurahi kweli. Akamkalisha, akampa maji, akafungua bahasha. Juu ya ukurasa wa kwanza pameandikwa kwa herufi kubwa: MIMI NDIYE NILIYEPIGA KENGELE.

Kila mtu mjini alikijua kisa cha kengele. Zamani, Kapteni na dada yake walipokuwa watoto, ghala la magunia lililokuwa nyuma ya jengo la forodha lilishika moto mchana, watu wakiwa wamelala kwa joto. Mtu fulani aliipiga kengele kubwa ya forodha mpaka mji ukaamka, watu wakatoka na ndoo, moto ukazimwa kabla haujavuka kichochoro. Bila kengele ile, mji wote ungekuwa jivu. Ila aliyeipiga hakujulikana. Walisema ni mtoto. Wengine walisema ni upepo.

Bi Koma alikisoma kitabu cha mjomba wake kwa mkao mmoja, kalamu mkononi. Kilikuwa kizuri. Kilikuwa na bandari, na meli, na wapishi wa melini waliogombana na ndege. Mahali pamoja tu palimsumbua, kwenye kile kisa cha kengele chenyewe. Mjomba alikuwa ameandika kwamba kengele ilisikika kwa mbali, "kama inalia ndani ya maji." Pembeni Bi Koma akaandika kwa penseli: Mjomba, kama kamba uliishika wewe, kengele ilikuwa juu ya kichwa chako. Mbona ilisikika mbali?

Kapteni aliposoma swali hilo alikuna kidevu. "Sijui," alisema, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa ya kawaida. "Lakini ndivyo ninavyoisikia. Usikifute."

Hakukifuta. Fundi akachapa kurasa za majaribio, wakazianika kwenye kamba ukumbini kwa vibanio vya nguo ili wino ukauke. Na hapo ndipo mama alipoteremka kutafuta kibiriti.

Bi Koma alikuwa mezani anakata jalada. Akanyanyua kichwa, akamwona mama yake kasimama mbele ya karatasi zinazoning'inia, miwani kaisukuma mpaka paji la uso, midomo inatembea.

"Nani kapiga kengele?" mama aliuliza bila kugeuka.

"Mama, hayo ni majaribio tu, bado—"

"Nauliza, nani kapiga kengele? Huyu? Huyu aliyekuwa hafiki hata kwenye kitasa cha mlango? Kengele niliipiga mimi!"

"Hujawahi kusema, mama."

"Nilikuwa nazalisha watu! Ningeyasema saa ngapi?" Alibandua ukurasa mmoja kwenye kibanio, akaukunja, akautia kifuani. "Niletee karatasi. Zisizo na mistari. Na kalamu isiyovuja."

Akapanda ghorofani, kibiriti akakisahau.

Kuanzia siku hiyo nyumba ilikuwa kama ofisi. Mama aliandika kwa mwandiko wa zahanati, mdogo, ulioegemea upande, na kila jioni Bi Koma alipelekewa kurasa kama anapelekewa dozi. Kapteni aliendelea kuja asubuhi, maana mazoea hayakatiki, lakini sasa ndugu hawa wawili hawakusemeshana. Walikaa meza moja, Bi Koma katikati.

"Mwambie mjomba wako anisogezee sukari."

Sukari ilikuwa karibu na mkono wa mjomba, na mjomba alikuwa na masikio. Alisubiri.

"Mjomba, mama anaomba sukari," alisema Bi Koma.

"Mwambie mama yako, mtu aliyepiga kengele ya forodha kwa mkono mmoja hawezi kushindwa kunyanyua bakuli la sukari."

"Mwambie mjomba wako kengele ile haipigwi na mtu mwenye urefu wa ndoo."

"Mwambie mama yako nilipanda juu ya pipa!"

Fundi alichukua sukari, akamtilia mama mkwe wake mwenyewe, akarudi kwa mashine. "Mashine yangu hainuni," alimnong'oneza mkewe.

Kitabu cha mama nacho kilipokamilika kilikuwa kizuri, tena kifupi na chenye makali. Kilikuwa na mabeseni ya maji moto, na akina baba waliozimia, na mtoto aliyezaliwa ndani ya duka la viatu. Na kilikuwa na kengele. Sasa Bi Koma alikuwa na vitabu viwili, kisa kimoja, na damu yake pande zote mbili. Akichapa cha mjomba kwanza, mama hatakula mezani kwake. Akichapa cha mama kwanza, mjomba ataenda kuyatangaza bandarini, na sauti ile ilivuka maji. Alijaribu kuwaomba waviunganishe kiwe kitabu kimoja. Wote wakakubali, kwa sharti moja lile lile: "Mradi changu kitangulie."

"Kitabu kina mbele moja," Bi Koma alimlalamikia mumewe. "Nitaitoa wapi mbele ya pili?"

Jibu alilipata kwenye miswada yenyewe, alipokuwa akisahihisha. Mama alikuwa ameandika kwamba utotoni walilala kitanda kimoja, mzungu wa nne, kichwa cha huyu kwenye miguu ya yule, na kwamba alikua akijua harufu ya nyayo za mdogo wake kuliko ya mkate. Bi Koma alicheka. Halafu akakumbuka mahali fulani kwa mjomba, akapekua, akapata: "Tulilala mzungu wa nne, na dada alikuwa na teke kama la punda." Aliiweka miswada miwili mezani, mmoja juu ya mwingine. Akaugeuza mmoja kichwa chini. Akavitazama vichwa vya habari, kimoja kinamtazama yeye, kingine kinautazama ukuta. Akapiga yowe Fundi akadhani kajikata.

"Tuvilaze mzungu wa nne!"

"Nini?"

"Vitabu! Shika huku, unaona jalada la mjomba, unasoma chake mpaka katikati. Geuza juu chini, unaona jalada la mama, unasoma chake mpaka katikati. Wanakutana miguuni. Kila mtu kaanza!"

Fundi alikichukua kile kifurushi, akakigeuza huku, akakigeuza huku. Tabasamu likamwanza upande mmoja wa mdomo. "Kwa hiyo nyuma iko wapi?"

"Hakuna nyuma!"

Wazee walipoelezwa, kila mmoja alianza kutafuta mahali alipopunjwa. Kapteni alihesabu kurasa zake, mama akahesabu zake. Ikabidi picha moja ya boti iongezwe kwa Kapteni ili walingane, na ukurasa mmoja uachwe mtupu katikati uwe mpaka, maana mama alisema hataki maneno yake yagusane na uongo.

Kuchapa kulikuwa na vituko vyake. Fundi, aliyechapa mji mzima bila kukosea, sasa alikuwa akisimama mbele ya karatasi amekunja shingo kama kuku, akijiuliza juu ni wapi. Fungu la kwanza lilitoka na hadithi zote mbili zimetazama upande mmoja, ya Kapteni mbele, ya mama imefuata nyuma kama mkia. Bi Koma alivitenga hivyo pembeni vichanwe. Kufika jioni vilikuwa vimetoweka, na kesho yake watu wa bandarini walikuwa wakimpongeza Kapteni kwa kitabu chake chenye "nyongeza ya dada". Mama alipopata habari alivaa viatu, akateremka bandarini mwenyewe, akavikusanya kimoja kimoja kutoka mikononi mwa watu wazima waliokuwa wamezaliwa kwake. Hakuna aliyethubutu kumkatalia.

Uzinduzi ulifanyika kwenye ukumbi wa maktaba ya mji, alasiri, madirisha yote wazi. Viti havikutosha, watu walikaa kwenye ngazi na kwenye kingo za madirisha. Ndugu wawili walikaa mbele, kila mmoja kwenye pembe yake ya meza, wamevaa nguo za heshima, hawatazamani. Ili kuamua nani asome kwanza, Fundi alirusha kitabu juu, na jalada litakaloangukia juu ndilo litakaloanza. Likaangukia la mama. Kapteni alidai kitabu kilisukumwa na upepo.

Mama alisoma jinsi alivyoona moshi, jinsi alivyokimbia, jinsi kamba ya kengele ilivyomchubua viganja. Watu walipiga makofi. Kapteni akasimama, hakuhitaji kipaza sauti, akasoma jinsi alivyoviringisha pipa, akapanda, akaruka akaidaka kamba, na kengele ikalia kama inalia ndani ya maji. Watu wakapiga makofi vilevile. Halafu ubishi ukaanza, kwanza chini chini, kisha wazi. Upande wa dirishani ulimuunga mkono mkunga, upande wa mlangoni Kapteni. Mkubwa wa benki alisimama kusema jambo akaambiwa akae, amechelewa. Bi Koma alikuwa amejishika kiuno mbele yao wote, hajui acheke au azime taa.

Ndipo mtu akagonga sakafu kwa fimbo. Alikuwa bibi mmoja mwembamba, aliyekaa safu ya nyuma na kikoba mapajani. Wengi walimjua: ndiye aliyeshona sare za shule za mji huo kwa miaka mingi, mpaka macho yalipochoka.

"Naomba kuuliza," alisema. "Kengele hii mnayoigombania ni ile ya mlango wa forodha, yenye ufa?"

"Ndiyo hiyo hiyo," alisema Kapteni.

"Hiyo niliipiga mimi."

Ukumbi ukapasuka kwa kicheko. Bibi alisubiri kicheko kiishe, kama mtu anayesubiri mvua ipite.

"Nilikuwa najifunza kushona ghorofani, jengo la jirani. Niliona moshi nikateremka nikapiga. Nikapiga mpaka watu wakatoka. Halafu nikarudi kwenye cherehani, shule zilikuwa karibu kufunguliwa."

"Mbona hukusema miaka yote hii?" Bi Koma aliuliza.

"Nani aliniuliza? Watu walikuwa wanauliza moto, hawakuuliza kengele." Akanyoosha fimbo kuelekea mezani. "Na hawa wawili niliwaona. Walikuwa chini ya mkokoteni, pale ukutani. Wa kike kamkumbatia wa kiume, kamziba masikio kwa viganja viwili. Nikajisemea, afadhali, wametulia."

Bi Koma alimtazama mjomba wake. Kapteni alikuwa amepeleka mkono taratibu kwenye sikio, akalifunika, akalifunua, akalifunika tena.

"Ndani ya maji," alisema Bi Koma polepole.

Kapteni alimgeukia dada yake. Hakumwambia mtu amwambie. "Mkokoteni," alisema. "Ulikuwa na harufu ya lami."

Mama alikuwa akitazama viganja vyake. "Ulikuwa unatetemeka," alisema. "Ulikuwa unalia unasema kengele inakuuma. Nikakuziba."

"Kumbe."

"Na viganja vilinichubuka kwenye mawe, nilipokuwa nakuvuta uingie chini." Akavua miwani, akaifuta kwa pindo la nguo ingawa haikuwa na vumbi. "Lakini kamba naikumbuka, mdogo wangu. Naapa naikumbuka mkononi."

"Hata mimi pipa nalikumbuka, dada. Mpaka pete zake."

Wakatazamana, wazee wale wawili, halafu Kapteni akaanza kucheka kicheko chake cha injini, na mama akamfuata, mpaka ikambidi ashike meza. Ukumbi mzima ukafuata nyuma yao. Bi Koma alijikuta anafuta machozi kwa jalada la kitabu, wino mbichi ukamwachia mstari shavuni, na hivyo ndivyo alivyotoka kwenye picha zote za siku ile.

Vitabu viliisha pale pale. Watu waliokosa walikuja chumba cha mashine kuuliza, na kati yao walikuwemo wanne au watano waliotaka kueleza kwamba kengele kwa hakika ilipigwa na baba zao. Bi Koma aliwaambia wakaandike.

Toleo la pili likahitajika. Fundi aliwauliza wazee kama wanataka kubadilisha chochote, kwa kuwa sasa ukweli umejulikana.

"Hata nukta," alisema mama.

"Niliandika ninavyokumbuka," alisema Kapteni. "Nikikumbuka vingine nitaandika kingine."

Ila walikubaliana, bila kubishana, jambo ambalo halijapata kutokea, kwamba ule ukurasa mtupu wa katikati apewe bibi wa sare. Tatizo likawa moja. Fundi alisimama na bati la kuchapia mkononi. "Huyu tumwelekeze wapi? Tukimsimamisha kwa Kapteni, mama atanuna. Tukimsimamisha kwa mama, Kapteni atanuna." Bi Koma alifikiri kidogo, akaligeuza bati ubavu. Maneno ya bibi yakachapwa yamelala upande, na msomaji akifika hapo hana budi kukizungusha kitabu kama usukani.

Asubuhi za chai zilirudi kama zamani. Ndugu wale sasa walibishana kuhusu lami, kama mkokoteni ulipakwa magurudumuni au kwenye mbao, na sukari ilipita mkono kwa mkono bila tarishi.

Bibi wa sare alikuwa amekataa kata kata kuandika zaidi ya ule ukurasa. "Mimi nimeshasema," alimwambia Bi Koma. "Kuandika ni kazi yenu." Lakini kusema hakukataa. Basi ikawa kila Jumanne, baada ya chakula cha mchana, anateremka kichochoro na fimbo yake, anakaa dirishani pale penye hewa, Bi Koma anavuta taipureta. Kuna sharti moja: hawezi kusema mikono ikiwa mitupu. Kwa hiyo Fundi alimpa aproni yake iliyochanika aishone, na ilipokwisha akampa shati, na lilipokwisha ikabidi achane kitu kingine kwa siri.

Siku ya kwanza, Bi Koma alitarajia aanzie kwenye kengele. Bibi alitikisa kichwa, akalamba ncha ya uzi, akautia kwenye tundu la sindano kwa kubahatisha, ukapita.

"Kengele imekwisha hiyo," alisema. "Tuanze na magoti. Watoto wa mji huu nawajua kwa magoti. Suruali ya shule, mwanangu, huanza kufa magotini, na kila mtoto anaiua kwa namna yake. Andika."

Bi Koma akanyoosha vidole, akaandika.